Mumbua Hakurudiwa na Wazimu

Mgeni rasmi, waziri wetu wa afya, wachungaji, wazee na jirani zetu wote,

KARIBU
Umekula vumbi kutufikia huku nje ya Mutomo. Asante. Sisi ni jamaa za wagonjwa wa akili, na wengi wakitusikia hupita njia nyingine.

YALIYOMPATA MWENZETU
Mumbua, fundi wa cherehani, hutumia dawa za akili pamoja na benzhexol, kidonge cha kuzuia shingo na mikono isikakamae. Kiangazi kilichopita shingo ilimkaza sana. Kila ilipokaza akameza kingine, akiamini kikisaidia kimoja, vingi vitasaidia zaidi.

Mumewe, Muindi, alirudi kutoka shambani akamkuta anachuma nyuzi zisizokuwepo hewani, anaongea na marehemu mama yake. Mboni zilikuwa zimepanuka, ulimi umekauka, mwili unawaka.

"Wazimu umerudi," Muindi alisema.

Majirani wakaleta kamba. Wengine wakataka aongezwe dawa zake. Muindi akakataa yote mawili, akampakia kwenye pikipiki hadi zahanati.

Nesi Ismahan alimtia mkono kwapani. Pakavu kabisa, na joto lile!

"Mzee, leo amekojoa?"

"Sijamwona akienda."

"Anatumia dawa gani?"

Muindi akatoa pakiti ya benzhexol mfukoni. Ilikuwa tupu.

"Huyu hajarudiwa na wazimu. Joto bila jasho, mkojo umeziba: dawa hii imemzidi."

Muindi alikaa chini, akalia mbele za watu.

Ismahan alimpoza kwa nguo mbichi, akamtundikia maji, akamwekea mpira wa kutoa mkojo, akamdunga sindano ya kumtuliza. Kisha akamsindikiza hospitalini, ambako moyo wake uliangaliwa mpaka dawa ikaisha mwilini.

Mumbua ndiye aliyeshona magauni ya kwaya iliyokupokea.

CHANGAMOTO
Mulei wa kule Kasikeu alishikwa vivyo hivyo. Kwao kamba ilikubaliwa, akafungwa akiwaka joto. Tulimzika.

Naye Ismahan amehamishwa. Zahanati ina kufuli.

MAOMBI
Tunaomba nesi, na gari la wagonjwa. Tunaomba kila anayepewa dawa hizi aelezwe kwa Kikamba, yeye na wa nyumbani kwake, kipimo chake na dalili za kuzidiwa.

Kiangazi kinakaribia, na dawa hii huzuia jasho. Kila mkutano Muindi huuliza, "Akizidiwa tena, nimpeleke wapi?" Ameketi pale, mwenye kofia ya kijivu. Tafadhali, kabla hujaondoka, mjibu.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani na akufikishe kwako salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Wendo, jamaa za wagonjwa wa akili.
Imesomwa na Kasiva, kwa niaba ya wote.