Dandora Haijui Jumanne: Maisha ya Mama Ayuma

Mchungaji, ndugu, majirani wa Kariobangi, na nyote mliosimama kwa kukosa viti, familia inaomba masikio yenu kwa dakika saba, ambazo ndizo tulizopewa.

Rosalia Kageha alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 karibu na Mbale, Vihiga, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Mulongo na marehemu mkewe, Mama Rebeka, ingawa kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, kwa kuwa karani aliyemwandikisha aliamini kwamba watu wote wa upande ule walizaliwa mwaka mpya.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1964 hadi 1971, akapita mtihani, akaingia sekondari ya wasichana, akatoka mwishoni mwa kidato cha pili mama yake alipougua, lakini hesabu alikuwa ameshazishika, na hakuziachilia tena.

Mei 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha kufuma nguo huko Industrial Area akiwa mkaguzi wa vitambaa, kazi ambayo kwa miaka ishirini na mitatu ilikuwa ni kusimama mbele ya jora linalopita, na kila alipoona kasoro, kufunga uzi mwekundu ukingoni, ili anayelipokea jora likiwa limekunjwa ajue lina kasoro ngapi na ziko wapi. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa 2001 alirudi nyumbani na saa ya ukutani aliyotunukiwa kwa utumishi mwema, saa ambayo haikuwahi kutembea.

Tarehe 13 Desemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Bwana Mulama, fundi wa jua kali, ambaye yupo hapa mbele, na Mungu akawajalia Ayuma mwaka wa 1982, Mulongo mwaka wa 1985 na Ryan mwaka wa 1993, kisha wajukuu watano, akiwemo Muhonja, aliyeishi nao tangu akiwa mchanga, na ambaye kifua chake ndicho kilichoanzisha yote tutakayoyasema sasa.

Mwishoni mwa 2020 Muhonja, akiwa na miaka mitatu, alikuwa akikohoa hadi midomo inabadilika rangi, na kila mtu kwenye ploti alisema ni moshi wa jaa la Dandora, kwa hiyo Jumatatu tarehe 4 Januari 2021 Kageha alianza kufuma kitambaa cha kochi kama vile vilivyojaa sebuleni mwake, isipokuwa hiki kilikuwa na safu moja kwa kila siku, nyeupe kukiwa na hewa safi, ya kijivu moshi ukitoka upande wa Dandora, na fundo jekundu ukingoni kwa kila mtoto wa ploti aliyepelekwa zahanati kwa kifua. Kila jioni alibisha mlango hadi mlango akiuliza, "Mama Owen, huyu wako amekohoa leo?" hata watoto wakambandika jina Shosho Sensa, yaani bibi wa kuhesabu watu, na Teresiah, ambaye ndiye Mama Owen, akawa anajibu kabla hajabishiwa, "Leo hapana, shosho, endelea mbele!"

Mwezi wa Juni alikipeleka katika ofisi moja ya mazingira mjini, ambako Bwana Ndirangu alimweleza kwa upole kwamba mfumo haupokei vitambaa, alete nakala laini, naye Kageha akamsogezea na kumwambia, "Shika basi, hii unaona ni ngumu?" Wakakitandaza juu ya kaunta, na Batulo, karani wa mapokezi, akasema jambo ambalo wakubwa wake hawakuliona, "Lakini mama, nyekundu haifuati kijivu, mbona inarudi kila baada ya siku saba?"

Kageha alihesabu safu kwa kidole, akaona ni Jumanne, kisha Jumanne, kisha Jumanne, akakikunja kitambaa na kuondoka huku Bwana Ndirangu akiendelea kutafuta muhuri, kwa sababu alijua mnunuzi wa shaba hufika uani kwao kila Jumatano, na kwamba siku moja kabla yake Mulama na mwenzake Gachanja huchoma nyaya ili plastiki iondoke.

Alikaa na neno hilo wiki nyingi, maana nyaya hizo ndizo zilizosomesha watoto wake, hadi Jumanne tarehe 24 Agosti alipokitandaza kitambaa kwenye kochi saa ya chakula na kusema, "Baba Ayuma, usikae."

Mulama, ambaye ameagiza sehemu hii isirukwe, alisimama na sahani mkononi akauliza nyekundu hii ni nini, akaambiwa ni Muhonja, na hii, ni Owen, na hii, ni Muhonja tena, akasema kwa sauti ya juu kwamba huo ni moshi wa Dandora, naye mkewe akamjibu, "Dandora haijui Jumanne."

Wiki hiyo yote Mulama alikula kibandani. Jumanne iliyofuata alichukua kisu, akaketi uani akaanza kuchuna nyaya kwa mkono, Gachanja akimcheka, "Mzee, unamenya waya kama ndizi?" na kazi ya asubuhi moja ikamchukua siku nne. Gachanja naye alishika kisu kabla ya Krismasi, kisha mafundi wengine, na mafundo sitini na moja ya nusu ya kwanza ya mwaka huo yakawa tisa kwa mwaka mzima wa 2023. Kijivu hakikupungua, na Kageha hakuacha kupeleka kitambaa ofisini, hadi safari ya tano alipopewa risiti iliyoandikwa, "Kitambaa cha kochi, kimoja."

Tarehe 9 Februari 2025 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi, Mulama akaishika sindano ya kufumia, naye Kageha akawa anazifumua kwa mkono wa kushoto safu zilizokosewa, ambazo mwanzoni zilikuwa zote, mpaka Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025, saa kumi alasiri, alipotutoka hospitalini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliofungua milango kila jioni, wenzake wa kiwandani, Batulo aliyeomba ruhusa kazini akafika, na mafundi wa uani, isipokuwa wawili waliorudi kuchoma kule nyuma tangu tuingie matangani, ambao hatutawataja mbele ya madhabahu, lakini wamekaa mstari wa nne na Mulama anawaona.

Pumzika kwa amani, Mama Ayuma. Jana alikohoa mtoto mmoja, na fundo limefungwa.