Harufu ya Jikoni Ndani ya Gari la Kalisti

Benchi letu la Makanyagio, pale Mpanda, lilikuwa ubao wa mninga uliolazwa juu ya mawe mawili, ukutani kwa duka la ushirika, mahali ambapo upepo wa Juni ulipungua makali. Kasimu, muuza kahawa, alifika hapo kila siku saa tisa alasiri na dele lake na vikombe saba, kimoja kina ufa. Siku ile ya mwaka sabini na sita tulikuwa wanne. Alikuwepo Melkior, aliyeitwa Nati kwa sababu zamani alipaka grisi katika karakana ya mgodi kabla haujafungwa. Alikuwepo Makoye, mchuuzi wa ng'ombe, aliyeitwa Mnada. Alikuwepo Apollinarie, aliyeitwa Redio, kwa kuwa alikuwa na habari ya kila jambo na ukimzima alijiwasha mwenyewe. Wa nne ni mimi. Kisha akaja Kalisti, dreva, kucha zake zina wekundu, akakaa bila kusalimu. Sote tulijua mzigo wake. Mimba ya mkewe, Emerensiana, ilikuwa imefika mwisho, na mkunga alikuwa amesema mtoto amekingama tumboni. Lazima afikishwe kwa daktari wa upasuaji, Sumbawanga. Lori hakuna wiki ile. Lililobaki lilikuwa gari jeupe la Kalisti, la otomatiki, aliloachiwa na mpima madini aliyerudi kwao. Safari ilikuwa alfajiri, kupitia pori la Katavi.

— Giaboksi umelifunga? Nati akauliza.

— Nimelifunga. Mafuta ya giaboksi ya zamani yalikuwa meusi, ndiyo maana gari lilichelewa kushika. Nimeyamwaga. Chujio nimeliosha kwa petroli. Gasketi nimekata ya boksi. Nimetia mafuta mapya, yale mekundu.

— Aliyokuletea kaka yako wa reli?

— Hayo. Yamekuja na treni kutoka Tabora, galoni moja, limezibwa kwa gunzi la muhindi. Sikuwahi kuyaona mapya maishani. Nilipoyatoa stoo leo yalikuwa mazito kwa baridi, nikayaanika juani kwanza mpaka yakalainika.

— Baridi ya mwaka huu haina adabu, Nati akakubali.

— Sasa mbona huna raha, ndugu yangu? Mnada akauliza. Kunywa kahawa.

Kalisti alishika kikombe asinywe.

— Nimelizungusha mpaka stesheni na kurudi. Linakwenda. Lakini likipata moto linatoa harufu.

— Ya kuungua?

— Ningeshukuru ingekuwa ya kuungua. Ni ya jikoni. Kama kuna mtu chini ya gari anakaanga samaki.

Mnada alianza kucheka, akaacha.

— Si pua yako tu? nikamuuliza.

— Pua yangu imejaa petroli tangu asubuhi, hainusi kitu. Aliyeniambia ni askari wa stesheni. Kaniuliza, Kalisti, humo ndani mnapika?

— Gasketi ya boksi hiyo, Nati akasema. Inavuja, mafuta yanadondokea bomba la moshi.

— Mafuta ya gari yanukie samaki?

Hilo Nati hakulijua.

— Mimi nasema hivi, Mnada akaingia. Ng'ombe ukimhamisha malisho ghafla, jasho lake linabadilika. Hata mavi. Gari hili limezoea mafuta ya mzungu, leo limenyweshwa ya Tabora. Liache lizoee. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni nani?

— Mafuta mapya si mgeni?

— Na mwenyeji?

— Giaboksi.

— Lizoee mpaka lini, Mnada? Kalisti akauliza. Mimi naondoka alfajiri. Likizima porini kati ya Sitalike na Kibaoni nifanyeje?

— Abiria watasukuma, Redio akasema.

— Halisukumwi! Nimewaambia mara ngapi nyie? Gari la klachi unasukuma, dreva anaachia klachi, linawaka. Hili halina klachi. Lisukumeni mpaka Kibaoni, litafika limelala vilevile.

Mpanda ya wakati ule gari lilisukumwa kama mgeni anavyosalimiwa. Ukiliona limesimama, unaweka baiskeli chini na kuegemeza bega. Gari lisilotaka mabega yetu lilituogopesha kuliko simba.

— Basi nitasema, ingawa sikutaka, Redio akaanza, akisogeza kofia. Yule mpima madini alikuwa na mpishi. Alimpandisha kiti cha nyuma na masufuria yote, akazunguka naye machimbo yote ya Magamba. Mpishi yule alikufa. Sasa nyie niambieni, mtu aliyepika humo miaka saba, umemfungulia gari tumboni bila hodi, atakaa kimya?

— Acha hayo, Kalisti akasema taratibu.

— Sijamaliza. Mnajua ule mkwaju wa ziwani, Katavi, anamokaa mzimu wa pori. Wawindaji hawapiti bila kuacha chochote. Mwenye pori anataka chake. Sasa gari linakuja linanukia chakula kutoka mbali, halafu linapita bila kumpa! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Gari lina guu?

— Lina manne.

Kasimu, ambaye huwa hachangii, aliinua dele na kuuliza:

— Na simba? Hao hawahitaji mizimu. Wana pua zao.

Kalisti aliweka kikombe chini, kahawa ikamwagikia vidole. Hakuvitoa.

— Mke wangu atakuwa amelala kiti cha nyuma, akasema. Hawezi kukimbia. Hata kukaa safari nzima hawezi.

Nimesikia watu wakidharau maneno ya kijiweni, kwamba ni ya wavivu. Sijui. Siku ile niliona kila mtu akitafuta jina la kumpa Kalisti, mizimu au simba, ili angalau awe na kitu cha kuogopa kinachoitika.

— Yamwage tena, Nati akashauri.

— Nimwage nitie nini? Na hayatoki yote. Ukifungua karai la chini, inatoka nusu tu. Nusu inabaki ndani, kwenye bakuli kubwa linalozunguka, na bakuli hilo halina bolti ya kufungulia. Mpima madini alinionyesha.

— Ndiyo wahenga wakasema, Redio akadakia, maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake yaliyobaki ndani ndiyo ya kuzoa.

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Wakati huo alikuja mwanamke tusiyemjua, kajifunga kaniki, mkononi kabeba galoni lililozibwa kwa gunzi. Kalisti akasimama.

— Shikamoo, mama. Jamani, huyu ni mama Dafrosa, mama mdogo wa Emerensiana. Kaja juzi kutoka Karema kumwangalia mwanawe.

— Marahaba, baba. Hamjambo nyote. Sikai, nina moto jikoni. Nina swali dogo tu. Nilikuja na mawese, galoni moja kama hili. Leo Emerensiana kafagia stoo, kapanga vitu upya. Nikachukua galoni nimpikie mboga. Sasa, mawese yetu baridi ikiingia yanaganda, tunayachota kwa kijiko. Haya mbona ni maji?

Nati alilipokea galoni. Alitoa gunzi, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa. Kisha akaliweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

— Haya ni ya Tabora, akasema.

— Umepikia? Kalisti akauliza. Mama, amekula?

— Hajala. Niliyanusa nikayaogopa. Na yangu yako wapi?

Kalisti aligeuka akatazama kule gari lilikosimama.

— Kumbe mawese! Mnada akapiga paja. Si mpishi, si mkwaju! Redio, zima!

Alicheka peke yake.

— Bado kuna mwanga, Nati akasema akikunja mikono ya shati. Tunamwaga, tunatia haya. Twendeni.

Tukasimama sote. Kwa mara ya kwanza alasiri ile tulikuwa na kazi ya mikono. Lakini mama Dafrosa hakusogea.

— Mkimwaga, yangu yatatoka yote?

— Nusu, mama, Kalisti akajibu.

— Na nusu nyingine? Baridi ya usiku huu si itaigandisha humo humo ndani? Alfajiri litakwenda?

Kasimu aliinamisha dele juu ya kikombe chenye ufa ili apate la kufanya. Zikatoka chicha tupu za kahawa.

Kalisti akalikumbatia galoni kwa mikono miwili na kutangulia, kwenda kumwaga ile nusu inayotoka. Tulimfuata. Kutoka barabarani tulimwona Emerensiana amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, anakunja kanga za safari.