Kalenda ya Bure

Benchi la Soli, fundi viatu, lina miguu mitatu na tofali. Hapo ndipo nilipopeleka aibu yangu asubuhi hiyo. Mimi wananiita Injinia, kwa sababu niliwahi kuitengeneza simu ya Soli kwa kuizima na kuiwasha. Nilikuwa nimemuundia daktari wa meno programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa miadi yao. Kalenda iliyomo ndani sikuiandika mimi. Niliiokota bure mtandaoni. Sasa daktari anataka nisaini, kabla ya saa sita, kwamba leseni za vitu vya watu nilivyotumia, yaani masharti ya wenyewe, nimezifuata. Nisiposaini, kazi ya miezi mitano imeota mbawa. Kusema kweli, niliogopa.

SOLI: Cha bure kina leseni ya nini tena? Asiyekuwepo na lake halipo. Mwenyewe umemwona hapa?

WAKILI (wa jina tu, ameketi kando na kikombe cha kahawa; aliwahi kuwa shahidi mahakamani mara moja, basi): Usimpoteze mwenzio. Leseni za bure zinaambukiza kama mafua. Ukiweka kitu kimoja, programu nzima inakuwa ya umma.

MIMI: Nzima?

WAKILI: Na simu zote zilizo nayo.

SOLI: Na daktari je?

WAKILI: Atang'oa meno bure mpaka astaafu.

MIMI: Mungu wangu! Basi sisaini.

WAKILI: Saini, bwana! Mwenda pole hajikwai. Saini haraka!

Shangazi mmoja aliyefuata kiatu chake alikuwa amesimama muda wote huo, mguu mmoja peku.

SHANGAZI: Samahani wanangu. Hiyo leseni yenyewe inasemaje?

Hakuna aliyekuwa ameisoma. Nikaifungua kwenye kompyuta niliyokuja nayo. Ilikuwa fupi kuliko karatasi ya dawa ya kikohozi: tumia, badilisha, hata uza, ila jina la mwandishi na maelezo haya usiyatoe.

WAKILI: Si nilisema?

SOLI: Basi kwisha! Saini tunywe kahawa.

MIMI: Niliyatoa.

Nilikuwa nimelifuta jina lake siku ya kwanza kabisa, nikaandika kwa herufi kubwa: IMEBUNIWA NA INJINIA.

Shangazi akakigeuza kiatu chake. Chini kulikuwa na alama ya jina la Soli, ile anayoigonga kwenye kila kiatu anachokishona.

SHANGAZI: Mwenzio mwenye kalenda hakuomba chochote ila jina. Ulilifuta kwa nini, mwanangu?

Soli akaitazama nyundo yake. Wakili akachungulia kikombe, kilikuwa kitupu. Saa tano na nusu. Nikaanza kulirudisha jina la yule mtu, herufi moja moja. Lilikuwa refu, na hata kulitamka sikujua.