Siku Afande Kufuli Alipoipigia Pikapu Saluti

Benchi letu lipo hapa Jinja, kwenye baraza ya duka ambalo mlango wake ulipigiliwa misumari wakati wa vita, na mpaka leo, mwaka wa nne wa amani, hakuna aliyekuja kuing'oa. Ng'ambo ya barabara ipo ofisi ya pensheni, kwa hiyo sisi tunajua mambo ya serikali kuliko serikali yenyewe. Kahawa anauza Ramula, Mnubi mwenye birika linalovuja na subira inayokaribia kuvuja. Wateja wake wa kudumu ni hawa: Gaster, askari magereza mstaafu kutoka kaskazini, tunamwita Afande Kufuli; Adrisi, tuliyempachika jina la Jora kwa kuwa alifuma vitambaa kiwandani; Bakhit wa boda boda ya baiskeli, tunamwita Kengele kwa sababu baiskeli yake haina breki, ina kengele tu. Na mimi, fundi redio. Wananiita Antena, maana nanasa kila neno na sitengenezi kitu.

Asubuhi hiyo makarani wa ofisi walikuwa katika siku ya tatu ya mgomo. Walikaa kwenye nyasi mbele ya geti na matawi mikononi, kwa sababu serikali ilitaka kuwaongezea miaka ya kazi kabla ya kustaafu, na kuwakata mshahara kwa ajili ya pensheni hiyo hiyo. Lakini aliyebanwa hasa alikuwa Kufuli. Daftari za wastaafu ziliungua vitani, na redio ilikuwa imetangaza kwamba kila mstaafu ajitokeze mwenyewe aandikwe upya, mwisho siku hiyo saa sita mchana. Asiyeandikwa atahesabiwa amekufa. Kufuli anawalea wajukuu watatu, watoto wa mwanawe ambaye vita havikumrudisha, na wanakula kwa pensheni hiyo. Alifika tangu saa moja, kofia ya kazi kichwani, barua yake ya ajira ndani ya mfuko wa plastiki. Akaona mlango wa mbele umefungwa, akaja kukaa nasi. Sote tukaona amefanya la busara.

Kufuli: Mimi naunga mkono hii mgomo. Kabisa kabisa.

Jora: Afande, hii mgomo itakuua leo saa sita.

Kufuli: Wacha iue. Lakini hao watoto iko na haki.

Jora: Haki gani, bwana? Mimi kiwandani miaka kumi na tisa. Tajiri ya kwanza alifukuzwa nchi. Ya pili alikimbia vita. Ya tatu akanifukuza mimi. Pensheni yangu ilikuwa shati mbili, na moja haina mikono.

Kengele: Wewe ulipata mbili? Mimi bosi yangu ni mimi. Nikigonjeka namwomba ruhusa, anakataa.

Ramula: Na mimi je?

Kengele: Wewe mimina kahawa, mama.

Ramula: Namimina. Lakini nimetoka kupeleka kahawa kule nyuma ya ofisi, na wazee wanapita mlango wa...

Jora: Mama Ramula, hapa tuko na mambo ya taifa.

Ramula akamimina kahawa ya Jora nusu kikombe, na Jora hakugundua.

Kengele: Sasa nisikilizeni. Shemeji yangu wa Malukhu, mtaa ya huko Mbale, alikuja juzi. Anasema huko mgomo imeshika mpaka mbwa ya ofisi haibweki. Na anajua sababu. Pesa ya pensheni haikupotea. Wakubwa walizika wakati wa vita, na yule alichimba shimo alikufa.

Kufuli: Yiii!

Kengele: Ndiyo hiyo wanaongeza miaka! Wanataka watu wangoje mpaka shimo ionekane.

Jora: Uongo. Hao hawajagoma hata. Sisi kiwandani tulikuwa tunagoma siku umeme hakuna. Tajiri anafikiri tumekasirika, kumbe hata tungetaka kufanya kazi hakuna mashine inazunguka. Ofisi hiyo imeisha karatasi, ndiyo maana wako kwa nyasi.

Nami, nisije nikaonekana sina akili, nikasema kwamba serikali imeagiza mashine kutoka ng'ambo ya kumpima mzee na kujua amebakiza miaka mingapi. Yule aliyebakiza mitano watamstaafisha baada ya mitano na nusu. Nikaapa nimesikia redioni. Redio zote zilizo kwangu ni mbovu, moja imekaa tangu kabla ya vita, na wenzangu wanalijua hilo. Hata hivyo walitikisa vichwa kukubali, kwa uzito.

Ramula: Saa ngapi sasa?

Nikatazama saa yangu. Saa tano na nusu.

Ramula: Afande Gaster, nenda kule nyuma. Wazee kutoka Wanyange wote wanapita nyuma.

Kufuli aliweka kikombe chini taratibu.

Kufuli: Mama, mimi jela miaka ishirini na nane. Mlango ya mbele ni ya askari. Mlango ya nyuma ni ya mfungwa na ya maiti. Siku moja sijapita. Hata vita ilipofika, wenzangu walitokea nyuma. Mimi nilitoka mbele, risasi zinapita hapa na hapa.

Jora: Huyo ndiyo mwanaume!

Kengele: Na hao wanapita nyuma ni wasaliti ya mgomo. Wanajipenyeza kama panya. Afande, wewe usijichafue.

Nilimpiga Kufuli begani kumpongeza. Niliona vidole vyake vikiukunja na kuukunjua ule mfuko wa plastiki, na nikajua anataka kuinuka. Neno langu moja lingetosha. Badala yake nikaagiza raundi nyingine ya kahawa, tena kwa deni.

Saa sita ilipogonga, pikapu yenye namba ya serikali ilichomoza kwenye uchochoro wa pembeni mwa ofisi. Wale waliogoma wakaipisha, na, jambo la ajabu, wakaipigia makofi. Mbele, kando ya dereva, alikaa karani mmoja mwanamke, amekumbatia daftari kubwa lenye jalada jekundu.

Jora: Mnaona? Wamenunuliwa! Hiyo ni hongo inatoka.

Kengele: Ni ramani ya shimo!

Kufuli alisimama, akaweka kofia sawa, akabana visigino na kupiga saluti safi ambayo hatujaiona tangu tumjue.

Kufuli: Namba ya serikali lazima iheshimiwe.

Yule karani akampungia mkono kwa furaha. Kufuli akashikilia saluti mpaka pikapu ilipokata kona kuelekea barabara ya Kampala.

Tulikuwa bado tunaisifu saluti hiyo alipokuja Santa, mjane wa askari magereza aliyefanya kazi na Kufuli. Alikuwa ametembea kutoka Wanyange kwa mguu unaochechemea, na mkononi alishika karatasi ambayo wino wake haujakauka.

Santa: Ramula, nipe kahawa! Mimi mzima! Nimepigwa muhuri!

Jora: Muhuri gani? Ofisi si imefungwa?

Santa: Mbele imefungwa. Hao watoto walikaa wakapatana. Wakasema, sisi tunagoma kwa sababu ya pensheni, sasa tutafungiaje watu ya pensheni? Wakaacha karani moja huko nyuma, tangu saa mbili, kuandika wazee peke yake. Mtoto mzuri, bambi, ana huruma. Hata kiti alitupa. Saa sita akafunga daftari, pikapu ikamchukua.

Ramula alikuwa anasugua kikombe ambacho kilishatakata zamani.

Santa: Afande Gaster, wewe alikuandika asubuhi? Sikukuona kwa mstari.

Kufuli: Nilimpigia saluti.

Santa hakuelewa. Alimtazama Kufuli, akatazama ofisi iliyokuwa ng'ambo, karibu kiasi kwamba ungeweza kusoma tangazo la wazee wapite nyuma lililobandikwa ukutani kama ungevuka barabara. Kisha akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua tu.

Santa: Na nyinyi, tangu asubuhi mko hapa mnafanya nini?

Jora akatazama viatu vyake. Kengele akashika kengele ya baiskeli isije ikalia. Mimi niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku niliyomrudishia mtu redio ikiwa mbovu kuliko alivyoileta.

Ramula akaliinamisha birika juu ya kikombe cha Santa mpaka tone la mwisho.

Ramula: Kahawa imekwisha.

Kufuli akainuka. Alivuka barabara, akapita katikati ya waliogoma waliokuwa wakikung'uta nyasi nguoni, akaingia kwenye uchochoro. Baada ya kitambo tukasikia anagonga mlango wa nyuma, mara tatu, kiaskari, kisha kimya cha mtu anayengoja kuambiwa ingia. Akagonga tena.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kumfuata. Tulikuwa bado tunatafuta la kumjibu Santa.