Visu Kumi na Saba vya Mzee Kasmuri

Baada ya miaka arobaini na mitatu na miezi sita ya utumishi, Mzee Kasmuri Wirya, mtunzaji wa visu vya kale katika makumbusho yetu ya mji wa Lasem, pwani ya Java, anastaafu tarehe 31 Agosti 2024. Bodi iliniomba mimi, Oei Kiem Sing, niliyekuwa mkuu wake kwa miaka ishirini na miwili, niandike wasifu wake. Nina miaka themanini na minane na figo zangu zimechoka, kwa hiyo nimeandika mapema.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1981 kufagia ua. Wiki ya tatu alimwona fundi akisugua kisu kwa ndimu, akamwambia kwamba anakisugua kinyume na chuma kilivyofuliwa. Fundi alikasirika, akamtupia kitambaa ajaribu yeye. Fundi hakukidai tena kitambaa hicho.

Tangu hapo visu vyote vimepita mikononi mwake. Vingi vilifuliwa na Wajava kwa ajili ya nyumba za Wachina wa pwani yetu: mipini yenye vichwa vya simba wa Kichina, ala za fedha zilizochorwa popo, ambao kwa Wachina ni ishara ya heri, na bapa zilizotiwa herufi za Kichina kwa waya wa shaba. Tulivitafuta pamoja katika miji ya pwani, kutoka Juwana hadi Tuban. Huko Tuban mjane mmoja alikuwa akichinjia kuku kisu kilichomzidi umri mara mbili. Nilipoanza kumweleza historia yake, Kasmuri alinikanyaga mguu, akaenda sokoni, akarudi na kisu kipya chenye makali. Ndipo akamweleza mama yule thamani ya kile cha zamani na kumwuliza kama yuko radhi kukiacha. Mjane alituambia tukichukue haraka, maana kila kuku aliyekutana nacho alikufa kwa kuchoka.

Ilinipasa kuishia hapo na kuorodhesha vyeti vyake. Lakini kuna la mwaka 1984.

Mwaka huo tuliarifiwa kwamba wakaguzi wa serikali watafika baada ya siku nne. Wakati ule, kwa amri ya serikali, herufi za Kichina hazikuruhusiwa kuonekana hadharani, nami niliogopa tutafungiwa. Visu kumi na saba vilikuwa na herufi. Kimoja kilitoka nyumbani kwa babu yangu, kikiwa na jina la ukoo wetu. Nilimpa Kasmuri tupa, nikamwamuru azisugue herufi zote zifutike. Aliuliza kama na cha babu kimo. Nilimjibu kwamba hicho kiwe cha kwanza.

Wanaume wa Lasem hawamwagi machicha ya kahawa. Huyapaka kwenye sigara kwa kijiti chembamba kabla ya kuivuta, na Kasmuri alikuwa hodari wa kazi hiyo. Sigara moja aliichora ua zima la batiki. Alijifungia karakanani siku tatu, akachanganya machicha na utomvu wa mti, akaifunika shaba mstari kwa mstari mpaka ikafanana na chuma kilichozeeka. Kisha akaniambia kazi imekwisha. Wakaguzi walipita, wakasifu usafi, wakaondoka. Mimi sikuvigusa visu vile kwa miaka kumi na sita. Niliona aibu hata kuvitazama.

Mwaka 2000, marufuku ilipoondolewa, Kasmuri aliingia ofisini kwangu na kisu cha babu na kitambaa kilicholowa tapentaini. Alipangusa taratibu, na jina la ukoo wangu likatokea.

“Ile tupa uliyonipa, bosi, ilikuwa butu,” alisema.

Mwaka uliofuata tuliviweka visu hivyo kwenye maonyesho. Mwandishi wa habari aliponiuliza, nilimwambia kwamba tulizificha herufi. Gazeti likaandika kwamba nilizificha mimi. Sikusahihisha. Ikaja nishani, kisha ukumbi wa visu ukapewa jina langu. Siku ya sherehe Kasmuri alisimama nyuma akiwa ameshika funguo. Nilimwahidi kwamba nitasema kweli.

“Acha tu, bosi. Jina langu likipanda ukutani, nitakayelipangusa vumbi ni mimi mwenyewe.”

Alinitania ili nisiumie. Mimi niliugeuza utani ule kuwa ruhusa, nikaishi nao miaka ishirini na mitatu.

Mwezi uliopita niliiandikia bodi nani alitoa amri na nani aliikataa, nikaomba jina langu liondolewe. Bodi imekubali. Kasmuri alikuja kitandani kwangu amenuna. Alisema nimechelewa mno na watu watadhani nimeanza kupotewa na akili. Nilimwambia ndiyo sababu nilisaini mbele ya wakili. Aliniuliza kama nimekula. Akanikorogea uji, akanilisha mpaka ukaisha.

Kuanzia tarehe 1 Septemba, ukumbi utaitwa Ukumbi wa Kasmuri Wirya. Chini ya kisu cha babu yangu patakuwa na maneno haya, niliyoyaandika mwenyewe: “Oei Kiem Sing aliamuru herufi hizi zifutwe. Kasmuri Wirya hakumtii.”

Mzee Kas, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na hasa kwa niaba yangu, asante kwa kutonitii. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku nyingi za raha nyumbani kwako. Vumbi la ukutani sasa litapanguswa na wengine.