Atalanta Ruhwanya, Mwenye Uzito Sawa (1951–2006)

Dada yetu Atalanta alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Baba alitaka mtoto wa kiume. Alipoambiwa ni wa kike, alirudi kazini bila kumtazama wala kumpa jina. Mke wa karani, Mgiriki, alikuwa amejifungua mvulana juma hilohilo. Akawaweka watoto kwenye mizani ya duka, mmoja huku, mwingine huku. Ikatulia sawasawa. "Atalanta!" akasema, akicheka. Kwa Kigiriki ni mwenye uzito sawa. Akamsimulia mama hadithi yao ya kale: binti aliyetupwa mlimani na baba aliyetaka mwana wa kiume, akanyonyeshwa na dubu, akakua akiwashinda wanaume mbio.

Basi huyo ndiye mliyemjua. Alisoma Korogwe, kisha sekondari Tabora, na mwaka 1974 akaja Birmingham kusomea uuguzi. Akauacha. "Wodi inanibana pumzi, Gervas," aliniambia mimi mdogo wake. Tangu 1977 akaendesha basi. Chai alikunywa amesimama.

Mwaka 1979 aliolewa na Kewal, fundi wa mabasi, Singasinga mzaliwa wa Nakuru. Siku ya kwanza walipokutana, Kewal alimwuliza, "Wewe dada, unakimbizwa na nani?" Akamjibu, "Na wewe, ukiweza." Waliishi Sparkbrook na kuhama nyumba mara tano, mitaa ileile. Lo, dada!

Mei 2006 aligundulika ana saratani ya kongosho. Hata dripu alitembea nayo kwenye korido. Alifariki tarehe 9 Novemba. Kabla ya hapo alinishika mkono: "Msinibebe wanaume peke yenu. Wanangu wanibebe."

Jana mdogo wetu Ladislaus alifoka, "Tangu lini wanawake wakabeba jeneza?" Ndugu zangu, nina uchungu na nina hasira, na nimechoka kubishana. Baba alikataa kumtazama alipokuja. Sisi hatutamfanyia hivyo anapoondoka.

Ameacha mume, Kewal, mabinti, Annonciata na Rajni, mjukuu, Sunita, na sisi wadogo zake wawili. Ratiba mliyoshika imetaja wabebaji wanaume sita. Msiifuate. Upande mmoja ni Annonciata, Rajni na Sirad, mwanamke dereva mwenzake. Upande wa pili ni Kewal, mimi, na nafasi moja iko wazi. Ladislaus, inuka, tunakungoja wewe.

Dada, sasa kaa. Pumzika kwa amani.