Mapipa Saba Yaliyokataa Kuitika

Kijiwe changu kinatazamana na lango la ghala la ramu, ng'ambo ya barabara tu, hapa San Pedro. Nina jiko, birika, vikombe vidogo, na vigoda vya buluu nilivyopaka rangi kwa mkono wangu. Jumatano ile, saa tano asubuhi, walikaa watatu. Redio, mtengeneza simu, ambaye tangu azaliwe hajapata mtu wa kumzima. Askofu, fundi wa mapipa, tunayemwita hivyo kwa vile hugonga kila pipa utosini kama anayetoa kipaimara. Ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo, na kwetu mtu wa namna hiyo humgeuki hata akikuibia kuku. Wa tatu ni Melanio, mtunza ghala kwa miaka thelathini na moja, na kikombe chake hakijaguswa. Gari la polisi lilikwisha kuegeshwa langoni. Meneja amempa hadi king'ora cha saa sita: aonyeshe mapipa saba yaliyopotea, au apande gari.

— Hebu anza tena mwanzo, alisema Redio.

— Nimekueleza mara tatu, Redio. Kila pipa limebandikwa chipu kwenye kifuniko. Ukipita na mashine, kila chipu inaitika nambari yake, kama watoto darasani. Mapipa elfu tisa kwa saa moja. Mimi na chaki yangu ilikuwa siku tisa.

— Kitu kizuri hicho!

— Kizuri sana. Haichoki, haina usingizi, haihitaji kushusha pipa lolote. Mwaka jana ilinasa lori limepakia mzigo usio wake. Nilipiga makofi mimi mwenyewe. Jana, kwenye hesabu ya kwanza ya mwaka huu, ndiyo ikasema saba hayaitiki.

— Na wewe unasemaje?

— Nasema yamo! Safu zimejaa, hakuna pengo. Meneja anasema pengo huzibwa kwa pipa tupu. Nikamwambia tushushe, tuhesabu kwa mkono. Akacheka. Ati tumenunua mashine ili tusihesabu.

Nikamwambia:

— Kunywa kahawa, Melanio. Jela hawapiki hii.

— Bibi Chefa, una huruma kama jiwe la kusagia.

— Huruma haijawahi kumtoa mtu kituoni.

Redio akajikohoza. Akijikohoza hivyo, jua elimu inakuja.

— Sikilizeni. Mawimbi ya chipu hayapatani na vitu viwili: maji na chuma. Maji huyanywa, chuma huyarudisha. Sasa pipa ni nini? Ni maji yaliyofungwa pete za chuma! Meneja amenunua sikio, akalipeleka kwenye kelele.

— Hilo walilijua, akasema Melanio. Ndiyo maana kila chipu imekalishwa juu ya kipande cha mpira, kinene kama kisigino cha ndara, isigusane na pipa. Hazikosei.

— Basi zimelewa. Mchana na usiku zinavuta harufu ya ramu.

— Zina mwaka mmoja tu humo!

— Walevi wachanga ndio wabaya. Au sivyo, ramu imepanda hewani. Kila mwaka hupungua kidogo, si ndiyo? Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni ya kujaza, mpumbavu wewe, nikamwambia. Na ramu ikipanda hewani, pipa nalo hupanda?

Redio hakujali. Alisogeza kigoda karibu na Melanio, akashusha sauti.

— Kuna meli imetia nanga nje ya bandari. Ina antena. Inaziita chipu kwa majina yake, nazo zinaitikia kule. Huku zinanyamaza. Pipa liko ghalani, lakini roho yake imeshavuka bahari. Ukiona vyaelea, vimeundwa!

— Redio, akasema Melanio, mke wangu amejifungia ndani kwa aibu. Watoto wa jirani wameanza kumwita mke wa mwizi. Wewe unaniletea meli.

Saa ya ukutani kwa mwenye duka ilisema imebaki robo saa. Redio akajipindapinda, akainuka nusu.

— Samahani, lakini Bibi Chefa, hiki kigoda chako kina kipele. Miezi yote hii kinanichoma takoni.

Nikatazama. Chini ya rangi yangu ya buluu kulikuwa na uvimbe mdogo wa pembe nne, mnene kama kisigino cha ndara.

Nikamtazama Askofu. Asubuhi nzima hakuwa amesema neno. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe kama mtu aliyeangusha pete kisimani.

Kifuniko cha pipa kikipasuka na kuanza kutoa machozi, fundi hukitoa, akatia kingine kutoka pipa lililokufa. Ramu haijui tofauti, lakini chipu huondoka na kifuniko cha zamani. Kile kilichopasuka, amri ya kampuni ni kichomwe humo humo tanuruni. Kutoka nacho nje, hata kibanzi, ni kufukuzwa. Pasaka iliyopita walimfukuza mtu kwa mbao mbili. Lakini toka enzi za babu zetu, kila kikongwe wa mtaa huu amekalia kifuniko cha pipa. Ni desturi. Wanaume hupitisha chini ya koti, wanawake hatuulizi. Na Askofu alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

— Askofu, nikasema, leo hubariki chochote?

— Kahawa ya moto.

— Imepoa zamani.

— Basi naingoja ipate moto.

— Ukikaa sana, mwingine ndiye atakayeungua.

Aliinua macho. Alinielewa. Akayarudisha kikombeni. Na mimi, ambaye nimewahi kumtukana padri mbele ya altare, niliuma ulimi. Nikisema, nimemuuza mtu aliyembeba mwanangu kwenye maji ya ubatizo. Nisiposema, Melanio ndiye atakayepanda gari.

Redio alikuwa ameshafika kwa majini wanaokula betri pale msichana alipovuka barabara. Yudelka, fundi wa chipu, aliyeletwa kutoka mji mkuu wiki ile. Mashine yake ilikuwa inaning'inia mkandani, alisahau kuizima.

— Habari za hapa. Bibi, naomba kahawa moja, bila su...

Mashine ikalia. Akaishika kuizima, ikalia tena. Akaigeuza kwangu, kwa Redio, kwa Melanio, akaizungusha kama mtu anayefukuza nzi. Ilipotulia, kioo chake kiliandika saba.

Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya kile kipele. Kisha akageuza kigoda kitupu juu chini. Upande wa ndani ulikuwa mweusi, umechomwa moto, kama ndani ya pipa lolote la ramu.

Melanio alisimama. Akaviangalia vigoda, kimoja kimoja, kama anavyoangalia safu zake.

— Bibi, akauliza Yudelka kwa upole kabisa, nani aliyekutengenezea vigoda hivi?

Swali dogo. Mtoto angelijibu. Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikutoka kitu. Nilikamata mpini wa birika kwa mkono mtupu, nikauacha uniunguze.

King'ora kikalia. Ng'ambo, milango miwili ya gari ikafunguka, askari wakaanza kuja, wanarekebisha mikanda.

Askofu akaweka kikombe chini. Akakunjua magoti taratibu, yakalia kama mbao kavu. Akakiinua kigoda alichokuwa amekikalia, akakibana kwapani, safari hii juu ya koti. Akawapita askari katikati ya barabara, hakuwaangalia, akaelekea langoni.

Melanio alikaa tena. Ndipo alipokunywa kahawa yake, baridi vile vile, akamaliza mpaka unga.

Yudelka aliitazama mashine.

— Zimebaki sita, akasema.